Sambaza Tisa

Miaka thelathini nimepima viuno vya watu wa Kadutu,
vya mabibi harusi, vya mashemasi, vya wanajeshi wasiolipa,
na sikuwahi kumtajia mtu tarakimu yake kwa sauti.
Huiandika daftarini, nikageuza uso.
Mwezi wa tatu nesi wa kituo cha afya
alinipima mimi, akaitangaza yangu hadi mlangoni:
mia moja na kumi na mbili.
Mafundi wenzangu hawajaacha kucheka.

Nsimire, mke wangu, akachukua kalamu nyekundu
akaandika nyuma ya kalenda ya parokia
yote yaliyokatazwa katika nyumba hii:
Mandazi. Sukari. Bia, hata ya msibani.
Sambaza wa kukaanga. Hapo akapiga mstari mara mbili,
maana ananijua.

Lo! Kitu kikiandikwa huota miguu.
Sikuwahi kuota samaki maishani mwangu,
wiki ile waliniogelea usingizini, wadogo, wakavu, wenye chumvi,
na asubuhi kikaango cha Mama Cito chini ya ngazi
kikaniita kwa jina la ubatizo.
Harufu haipandi mlima ikihema kama mimi.
Inapanda tu,
inapita mlango wa mabati, inakaa kwenye kiti changu.

Siku ya tisa, Jumanne, nilishuka.
Nilisema naenda kununua uzi mweusi.
Nilikula nimesimama, nyuma ya kibanda cha kuchaji simu,
konzi mbili katika karatasi ya gazeti,
mbiombio, kama mtu anayemeza ushahidi.
Unajua nilionja nini? Wino.
Woga na wino. Samaki sikukutana nao.
Nikanunua konzi ya tatu ili niwatafute.

Uzi niliusahau.
Na utepe wangu wa kupimia, uliokuwa shingoni,
ulirudi na doa la mafuta kwenye tisini na saba.
Nsimire akalitazama. Akanitazama.
Nikangoja radi.
"Kumbe uliwala bila pilipili," akasema,
akaenda kuanua nguo.

Ijumaa akaweka mezani sahani ya wageni.
Sambaza tisa. Aliwahesabu mbele yangu kama mhasibu.
Sombe kando, bugali kiasi cha ngumi ya mtoto.
"Keti," akasema.
Nikaketi. Wa kwanza nikamwanzia kichwani:
akavunjika kama kijiti, ikaja chumvi, kisha ziwa lenyewe.
Kwa wa nne nikamkumbuka marehemu mama, Nguba,
akifukuza paka kwenye anikio kwa kanda mbili moja.
Kwa wa saba nikajua nimeshiba.
Wawili waliobaki niliwala kwa heshima tu.

Lakini msinifanye mhubiri wa sahani ndogo.
Mdogo wangu Cirhuza hawezi chupa moja;
kwake moja ni mlango wa kumi na mbili,
na amani yake ni kuupigilia misumari.
Nami vilevile, kwa sukari:
kijiko kimoja sijui ni nini, kijiko changu huita ndugu zake.
Kwa hiyo sukari imebaki kwenye kalenda,
nimeikoleza wino kwa mkono wangu.
Sambaza, Nsimire amewafuta kwa kidole na mate,
pamebaki wekundu kama shavu la mtu aliyesamehe bila kupenda.

Leo nimejipima, mlango nimeufunga, pumzi nimeiacha itoke.
Mia moja na tisa na nusu.
Si habari ya kutangaza.
Ngazi za kwenda kanisani bado napumzika mara mbili.
Zilikuwa nne.

Doa halitoki. Wateja huliona nikiwazungushia utepe.
Jana bibi mmoja aliuliza, "Fundi, hiki nini?"
"Ni Jumanne moja," nikamjibu. "Siku hizi nakula Ijumaa, nimekaa."
Hakuelewa. Alikuwa amevuta tumbo ndani, macho juu ya dari.
"Pumua, mama," nikamwambia.
"Ukiudanganya utepe, gauni litakusema."